Maziwa ya Chini ya Chungu

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata mimi sikuwapo, kwa hiyo Heri usiniulize nilikuwa darasa la ngapi, wanyama walikuwa na nyumba, vyungu, na majirani wa kugombana nao kama sisi tu.

Nawaona mnavyochekeana. Ni mambo ya asubuhi, najua. Tunu kanunua maziwa ya pakiti, kapika chai, kaonja, kasema mwenye duka katia maji. Heri akasema hapana, pakiti imeandikwa kuwa maziwa hayana mafuta. Tunu akauliza maziwa yatakosaje mafuta, kwani ng'ombe alikuwa mgonjwa? Mkabishana mpaka chai ikapoa, na mimi bibi yenu nikanywa chai baridi kwa kosa lisilo langu. Basi kaeni hapo mkekani. Nitawajibu kwa njia yangu, na atakayenikatiza ataosha vyombo.

Mwaka huo kulikuwa na kiangazi kibaya. Nyasi zilikauka zikawa za kutafuna na kutema. Bwawa lilinywea likabaki dimbwi, na wanyama wengi wakahama. Waliobaki waliishi boma moja kando ya dimbwi hilo, nao walikuwa wachache: Kiboko, Faru, Nyati, Mama Pofu, na Bi Digidigi pamoja na mwanawe.

Ninaposema pofu simaanishi asiyeona. Pofu ni yule swala mkubwa kupita swala wote, mwenye ngozi inayoning'inia shingoni. Na digidigi ni mdogo kupita wote. Kiboko akipiga chafya, digidigi anaangukia ng'ambo ya pili.

Mama Pofu ndiye aliyekuwa na maziwa, tena mengi, na alikuwa na moyo wa kutoa. Kila jioni alikamuliwa, maziwa yakamiminwa katika chungu kimoja kikubwa, yakafunikwa kwa ungo, yakaachwa. Ndiyo iliyokuwa desturi ya boma lile. Maziwa ya jioni hayanywewi jioni. Lazima yalale kwanza yatulie, kisha asubuhi yagawanywe.

Na yaligawanywa kwa sheria moja tu, wakubwa kwanza. Kiboko alipata kibuyu kilichojaa mpaka shingoni, kisha Faru chake, kisha Nyati chake. Kilichobaki chini ya chungu, kama kipo, kilikuwa cha Bi Digidigi na mwanawe. Mama Pofu mwenyewe hakuyagusa. Alisema kunywa maziwa yake mwenyewe ni sawa na kujisalimia barabarani.

Kazi ya kugawa alipewa Bi Digidigi. Msidhani ni kwa heshima. Faru alijaribu siku ya kwanza akavunja vyungu viwili kabla jua halijapanda, na Kiboko alipochota aliingiza kichwa kizima.

Sasa sikilizeni lililokuwa likimkosesha Bi Digidigi usingizi. Mwanawe, jina lake Sikudhani, alizaliwa katikati ya kiangazi kile, na maziwa ya mama yake yakakauka mapema. Alikuwa na miguu kama njiti nne za kiberiti. Akisimama anayumba, akiyumba anaketi. Na Kiboko alikuwa ameitisha mkutano akatangaza kwamba mwezi ukiandama, boma zima litahamia mtoni, mwendo wa siku tatu kukatiza nyika.

"Na asiyeweza kutembea," alisema Kiboko, "habebwi wala hangojwi."

Faru na Nyati wakaitikia kuwa hiyo ni sheria nzuri. Bi Digidigi akahesabu siku zilizobaki, akapata ishirini. Akamwangalia mtoto wake. Nyie hamjazaa, hamwezi kujua moyo wa mama unavyofanya hapo. Unashuka mpaka kwenye kwato.

Tena kulikuwa na jambo lililomchanganya kabisa. Sikudhani alikuwa anakunywa maziwa. Kila asubuhi alipata kikombe, akanywa akakimaliza, tumbo likajaa likawa kama ngoma. Lakini mbavu zilibaki nje palepale. Na Kiboko aliyekunywa maziwa ya chungu hichohicho, yaliyokamuliwa kwa Pofu huyohuyo, alikuwa anang'aa kama aliyepakwa mafuta, mpaka sharubu zake zilikuwa zinateleza. Bi Digidigi akajiuliza kama mwanawe ana minyoo. Akajiuliza kama amerogwa. Akajiuliza kama pengine maziwa yanajua nani ni mkubwa.

Asubuhi moja, alipokwisha kumchotea Kiboko, mpini wa kata ukachomoka. Akaiweka kando, akachukua kata nyingine, akawachotea Faru na Nyati, kisha akamchotea mwanawe yaliyobaki. Baadaye akaenda kuziosha zote mbili. Ile ya pili aliimwagia maji mara moja tu, ikatakata. Ile ya kwanza, iliyochotea juu, ilikataa. Maji yaliteleza yakaiacha na utelezi wake. Akaisugua kwa mchanga, bado. Akaisugua kwa majivu ndipo ikakubali.

Bi Digidigi akaketi chini, akazitazama kata mbili zile kwa muda mrefu.

Kesho yake alifunua ungo kabla wengine hawajatoka. Akaona juu ya maziwa kuna utando mzito, wa manjano kidogo. Akauonja kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa malai, mafuta matupu. Akaupenyeza mrija wa nyasi mpaka chini kabisa, akafyonza. Maziwa ya huko yalikuwa meupe pee, matamu, lakini yalipita kooni kama hayakupita.

Kumbe hivyo. Maziwa yakilala, mafuta yake hupanda juu. Wakubwa walikuwa wanachotewa juu, na Sikudhani alikuwa anapewa kilichoachwa na mafuta yake.

Mngekuwa nyie mngefanya nini? Tunu angelia. Heri angekwenda kuomba, na Kiboko angemjibu wakubwa kwanza. Bi Digidigi hakulia wala hakuomba. Alirudisha ungo akaanza kufikiri wakubwa wale wanapenda nini. Akakumbuka kande.

Maana boma lile likipika kande, ugomvi ulikuwa ni wa chini ya chungu. Juu hukaa maji na mahindi mawili matatu, maharage yote yamelala chini. Faru, Nyati na Kiboko walikuwa wakisukumana kwa mabega kila mmoja akitaka kukwangua chini. Hilo ndilo walilolijua tangu utoto wao, na hawakuwahi kuuliza kama liko jingine.

Basi asubuhi ile Bi Digidigi aligawa maziwa kama kawaida. Wakubwa walipoondoka, akainamisha chungu, akaingiza ulimi chini kabisa, akawa analamba polepole amefumba macho. Nta, nta, nta. Alijua Kiboko atarudi, maana kila siku husahau kifuniko cha kibuyu chake.

Kiboko akarudi, akasimama.

"Shikamoo, Mjomba," akasema Bi Digidigi, akakificha chungu nyuma yake, kana kwamba chungu kikubwa kinaweza kufichwa na digidigi.

"Marahaba. Unalamba nini?"

"Si kitu, Mjomba. Masalio tu ya chini."

"Masalio gani ya kufumbiwa macho?"

"Mjomba wangu," akasema Bi Digidigi kwa sauti ya kutetemeka, "chukueni vyote, chukueni hata ungo. Lakini hii ya chini niachieni mimi na mwanangu."

Angalieni hapo, hakusema uongo hata neno moja. Sikusema ni vizuri, nimesema angalieni.

Kiboko alikwenda moja kwa moja kwa wenzake. Wakakaa kikao. Nyati akauliza kwenye kande maharage hukaa wapi, wakajibu chini. Faru akauliza kwenye mchuzi viazi hukaa wapi, wakajibu chini. Kiboko akasema hata bwawani tope zito liko chini, naye analijua kwa kulilalia. Wakashangaa walivyofanywa wajinga siku zote zile na mnyama asiyefika magotini mwao. Wakatoa uamuzi kwamba kila kilicho kizito hukaa chini, na wao ndio wazito wa boma, kwa hiyo cha chini ni chao.

Walipomwambia Bi Digidigi, alijifunika uso kwa kwato zake mbili na mabega yakamtikisika. Wakadhani analia.

Ikabaki shida ya kuyapata ya chini bila kugusa ya juu. Nyati alikuna kichwa mpaka pembe zikalegea, kisha akasema chungu kitobolewe chini, kiwekwe kizibo. Faru akasema pembe anayo. Chungu cha kwanza, ko, ko, kach, kikawa vigae. Cha pili wakamshika Faru mkia asisukume sana, ko, ko, tobo likatokea zuri la duara. Wakaliziba kwa gunzi la muhindi.

Asubuhi iliyofuata Bi Digidigi akachomoa gunzi. Chururuuu. Kibuyu cha Kiboko kikajaa. Chururuuu, cha Faru. Chururuuu, cha Nyati. Yaliyobaki yaliteremka mwishoni kabisa, kidogo, mazito, yakisitasita kwenye tobo. Hayo akayakinga kwenye kikombe cha Sikudhani, na yale yaliyoganda ukutani mwa chungu akayafuta kwa ncha ya ukwato akamlambisha.

Kiboko akapiga funda, akachungulia ndani ya kibuyu.

"Mbona mepesi?"

"Mjomba," akasema Bi Digidigi, "mzito kama wewe, kipi duniani kisichokuwa chepesi kwako?"

Kiboko alilipenda neno hilo. Alilirudia kutwa nzima kwa kila aliyepita, na aliyepita alikuwa Faru tu, mara nne.

Siku zikaenda. Sikudhani akaanza kusimama bila kuyumba. Kisha akatembea kuzunguka nyumba. Siku ya nane aliruka chungu, na siku ya kumi mbavu zake hazikuonekana tena, manyoya yakalala vizuri. Bi Digidigi alikuwa akimtazama huku machozi yanamtoka, na safari hii alikuwa analia kweli.

Lakini kwa wakubwa mambo yakawa hayaeleweki. Jua likifika utosini, tumbo la Kiboko linasema nguru-nguru. La Faru linajibu. La Nyati nalo linalia, ila kwa sauti ndogo zaidi. Wakakaa kulichunguza jambo hilo.

Walipima chungu jioni kwa ufito wakatia alama. Asubuhi wakapima tena, maziwa yalikuwa palepale kwenye alama. Hakuna aliyeiba. Wakatazama vibuyu, vimejaa mpaka shingoni. Hakuna aliyepunja. Wakatazama rangi, nyeupe, tena nyeupe kuliko zamani. Bi Digidigi anapata kikombe kimoja na mtoto wake ananenepa. Wao wanapata vibuyu vitatu vizima na ngozi zinawalegea kama nguo za kuazima.

"Na mimi ninayekingiwa wa kwanza," akasema Kiboko, "nawezaje kuwa na njaa kuliko Nyati anayekingiwa wa tatu?"

Nyati akashauri wabadilishane zamu wajaribu. Kiboko akamwambia huo ni wivu. Jambo likaishia hapo, na vichwa vikazidi kuwauma.

Mtu asiyeelewa kitu, wajukuu zangu, mara nyingi hatafuti sababu, hutafuta mtu wa kumlaumu. Zilipobaki siku nne mwezi uandame, Kiboko alimwendea Mama Pofu akamwambia anatia maji kwenye maziwa. Faru akaongeza kwamba amemwona akinywa sana dimbwini, na maji hayo lazima yanatokea mahali.

Mama Pofu akawageukia, ile ngozi ya shingoni ikiyumba.

"Mwezi mzima nawanywesha," akasema. "Hamjaniambia ahsante hata siku moja. Leo ndiyo naitwa mwizi? Kesho jioni naondoka peke yangu, na maziwa yangu naondoka nayo."

Bi Digidigi aliyasikia hayo akiwa mlangoni, na moyo ule ukashuka tena kwenye kwato. Sikudhani alikuwa amepata nguvu, lakini bado kidogo. Mwendo wa siku tatu si kuruka chungu. Maziwa yakiondoka, mtoto ataishia njiani. Akisema kweli, Kiboko atamkanyaga na habari yao itaishia hapohapo. Akinyamaza, Mama Pofu aliyewalisha wote ataondoka na jina baya ambalo si lake. Hilo la mwisho lilimchoma kuliko alivyotarajia. Alijiambia ni ujinga kumhurumia mtu na wewe una mtoto wa kuokoa. Kisha akainuka akaenda kutafuta vibuyu vitatu vidogo.

Asubuhi akawaomba wote wakusanyike. Alichomoa gunzi, akakinga maziwa ya kwanza kabisa kwenye kibuyu kimoja akampa Kiboko. Akaacha yatoke mpaka ilipofika zamu ya Nyati, akakinga kibuyu cha pili akampa Nyati. Yaliyoteremka mwisho akayatia kibuyu cha tatu, akampa Faru. Akawaambia watikise.

Wakatikisa. Kugu, kugu, kugu. Jua likapanda, wakaendelea kutikisa, kugu, kugu, kila mmoja akiona haya kumuuliza mwenzake wanatikisa kwa nini.

Vibuyu vikafunguliwa. Cha Kiboko kilikuwa na povu na maziwa, basi. Cha Nyati kilikuwa na kipande cha siagi ukubwa wa haragwe. Cha Faru kilitoa pwata, bonge la siagi ukubwa wa yai.

"Dada Pofu hajatia hata tone la maji," akasema Bi Digidigi. "Maziwa ni yaleyale. Yakilala, mafuta hupanda juu. Ya chini yanabaki kama yaliyoenguliwa. Ni maziwa, yanashibisha kwa muda, yanakata kiu, ila mafuta hayamo. Ya katikati yana nusunusu. Nyinyi mlitaka ya chini nikawapa ya chini, ya juu nikamnywesha mwanangu asije akaachwa nyikani. Kama kuna wa kuadhibiwa, ni mimi."



Kiboko akawavuta wenzake pembeni. Wakanong'ona muda mrefu. Nyati alionekana akihesabu kwa kwato, wa kwanza hana, wa tatu anayo kidogo, kwa hiyo wa nne, lakini kila akifika wa nne Kiboko alimkatiza. Faru alisikika akisema kwamba kibuyu alikitikisa yeye mwenyewe na hakuona mtu akitia siagi ndani. Akaambiwa anyamaze, aliyevunja vyungu hana neno kikaoni.

Wakarudi. Kiboko akakohoa.

"Bi Digidigi, sisi si watoto. Juzi ulitulilia tukuachie ya chini. Leo tumeizoea ya chini, unatuambia mafuta yako juu. Unataka tuhamie juu ili chini ubaki nayo wewe. Siagi hiyo umeiweka kwa ujanja wako unaoujua mwenyewe. Hatuhami."

Hapo ndipo Bi Digidigi naye alipochanganyikiwa. Alipowaacha wajidanganye, waliamini. Alipowaambia kweli tupu, na ushahidi ukubwa wa yai mbele yao, wamekataa.

"Na mimi?" akauliza Mama Pofu. "Maji nilitia, au sikutia?"

"Wewe hukutia," akasema Kiboko. "Mjanja ni huyu, tumemgundua. Tuwie radhi, Mama."

Mama Pofu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na ukuta ukalalamika. Akamwita Bi Digidigi kando, akamwambia taratibu: "Mdogo wangu, ungeniambia mapema, ningecheka mapema." Haondoki tena, akasema, na maziwa yapo mpaka siku ya safari.

Basi siku zilizobaki ziliendelea vilevile, chururuuu, wakubwa wakanywa ya chini kwa hiari yao, tena wakamkazia macho Bi Digidigi asije akaiba tone la chini. Naye kila siku alitoa siagi kidogo kwenye fungu lake, akaiweka kwenye kibuyu cha safari.

Mwezi ukaandama. Wakaondoka. Siku ya kwanza Sikudhani alitembea nyuma ya mama yake. Siku ya pili alitembea ubavuni. Siku ya tatu alikuwa mbele ya wote, anarudi, anazunguka, anauliza mto uko wapi. Lakini mchana wa siku hiyo ya tatu, kikasikika kishindo nyuma, dii. Kiboko ameketi.

Alijaribu kuinuka akashindwa. Miguu ilikuwa inamtetemeka, na ngozi imemkunjamana kifuani. Faru na Nyati nao walikuwa hoi. Walitazamana, kisha wakatazama chini.

"Asiyeweza kutembea," akasema Faru kwa sauti ndogo, "habebwi wala hangojwi."

Kiboko akauliza nani aliyetunga sheria mbaya namna hiyo. Akaiangalia nyika ile tupu pande zote, na kwa mara ya kwanza akaonekana mdogo. Akaanza kulia, jitu zima, machozi yakimdondokea vumbini.

Sikudhani akamwomba mama yake kibuyu cha safari. Mama yake alimtazama kidogo, akampa. Mtoto akarudi nyuma mbio kwa miguu yake ile minne, akasimama mbele ya Kiboko.

"Achama, Babu."

Kiboko akaachama. Sikudhani akamtilia bonge la siagi ulimini, kisha la pili, kisha la tatu. Wakakaa hapo wote wakimngoja, Mama Pofu akamtilia kivuli kwa mwili wake, na ile sheria haikutajwa tena na mtu yeyote. Jua lilipopungua ukali, Kiboko akainuka.

Njiani akamsogelea mtoto.

"Mjukuu wangu, mafuta yale uliyatoa wapi?"

"Juu, Babu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya maziwa."

Kiboko akatembea akifikiri mpaka wakafika mtoni. Na kufikiri kulikuwa kunamchosha kuliko kutembea. Mwishowe aliona kwamba yule ni mtoto tu, amechanganya mambo. Mafuta hayawezi kukaa juu, kila mtu anajua. Akaingia majini, akazama chini kabisa, akaanza kutafuta.

Ndiyo maana mpaka leo kiboko hushinda chini ya mto. Anayatafuta mafuta yake kwenye tope. Mara mojamoja hutoa kichwa nje na kuachama kinywa wazi kuelekea juu. Hapo, wajukuu zangu, amekumbuka neno la yule mtoto, na ameingiwa na shaka kidogo. Kisha husema hapana, na kuzama tena.

Sasa, Tunu, mwenye duka hakutia maji, kamwombe radhi. Pakiti yako ile ni maziwa ya Kiboko, yameenguliwa malai yake. Iko pakiti ya nusu mafuta, hiyo ndiyo ya Nyati. Na iko ya mafuta kamili, ya Sikudhani. Ng'ombe ni mmoja. Mimi daktari kanishauri ninywe ya Kiboko kwa sababu ya moyo wangu, nami namtii. Lakini nyie bado mna miguu ya kukuza, kesho nunueni ya Sikudhani.

Kibuyu changu cha hadithi kimekauka, aliyekinga amekinga, na asiyekinga akalambe ukutani. Shikeni hili moja tu: anayedharau kuelekezwa na mdogo, atashinda chini akitafuta kilicho juu.